Ile Picha ya Moto Jikoni Kwangu

Xiaobei, Guangzhou

Kwako binti yangu Zuhura,

Asalaam aleikum mwanangu. Mimi mzima, kifua kimeacha kunibana tangu baridi ipungue. Wewe je, unakula? Najua ukiwa na mawazo huli. Na bibi yako, miguu inampa nafuu? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sauti ya simu ukiituma leo, kesho inasikilizwa na Tanga nzima. Anakuletea Mama Saidi, jirani yangu wa hapa, anarudi na mizigo yake.

Umeniambia mama yake Idrisa kaonyeshwa picha yangu, kwamba watu wanasema nimeingia dini ya Kiyahudi, nawasha mishumaa yao, na posa ya mwanawe kwako imesimama. Basi nikwambie ilivyokuwa.

Kuna mama mmoja Myahudi anaitwa Rivka, huja kwenye maonyesho ya biashara kule Pazhou kununua vitambaa. Bibi yake alizaliwa hukuhuku China, mji wa Harbin, kwenye baridi kali. Yeye na wenzake walikodi kiwanda cha zamani karibu na mto, ambacho siku hizi ni pahala pa picha za kuchora na muziki, wakafanya jioni ya mambo ya kwao. Walitaka chakula kisicho na nyama wala maziwa. Mwenye duka la vitambaa, anayenunua chakula kwangu, akawaelekeza kwangu, nami nikasema nitawapikia wali wa nazi na maharage.

Siku ya kupika Rivka akaja na sufuria mpya, na mwiko pia. Za kwangu nikazirudisha kabatini. Akachambua mchele niliokwisha kuuchambua. Niliposhika kiberiti, akanishika mkono.

"Mama Zuhura, samahani. Moto niwashe mimi."

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwuliza mkono wangu una nini. Akasema hauna kitu, ila kwao, akipika mtu asiye wa dini yao, mmoja wao lazima awashe moto, ndivyo alivyolelewa. Mama Saidi alikuwa anakuna nazi, akacheka, akaniambia kwa Kiswahili, "Na wewe jana si ulimshikilia muuza kuku mpaka akwambie nani kachinja?"

Nikampa kiberiti. Jiko langu la gesi kitufe chake kibovu, mmoja abonyeze mwingine awashe, basi tukainama wote wawili. Hapo ndipo msichana wao mpiga picha akatupiga, wakaiweka mtandaoni. Mishumaa yenyewe ndiyo hiyo.

Jioni nilikaa nyuma nikipakua. Ukutani walitundika picha za wazee wao wa Harbin, duka, harusi, watoto kwenye theluji. Mzee mmoja wa Kichina akasimulia habari za jirani zake Wayahudi wa utotoni, wengine wakalia. Wakapiga fidla, wakaimba kwa lugha yao. Sikuelewa maneno. Wali ulikwisha, nikarudi nikaswali isha yangu.

Mama yake Idrisa anataka niandike kwamba najuta. Aambiwe nilipika, watu wakala. Rivka kaniomba tena maonyesho yajayo, nami nimekubali. Nakwambia wewe kwanza, usije ukalisikia njiani.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Umenieleza aliyosema mama yake, aliyosema shangazi yake, mpaka aliyosema jirani aliyepita tu kuomba chumvi. Idrisa mwenyewe umesema alikuwepo, kakaa palepale mkekani, mimi natukanwa, wewe unalia. Hukuniambia yeye alisema nini. Nijibu hilo, mwanangu, kabla ya jingine lolote. Na kama hakusema kitu, niambie hivyohivyo, hakusema kitu. Nitajua la kumwambia mjomba wako juu ya posa hii.

Nisalimie bibi yako, dawa yake ya kuchua miguu anayo Mama Saidi. Nisalimie mjomba wako fundi cherehani, na wifi yangu anayelala nawe siku hizi, mwambie namshukuru. Na ule, Zuhura, hata uji.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako Mwanahawa