Anaumwa Kidogo

Bunyakiri, tarehe 10 septemba 2023

Wifi Olive,

Jambo sana. Mama mukwe anaamukaje na magoti yake? Na Ornella yangu, anakula? Sisi huku tuko wazima, Mungu anatulinda, ila moyo tu ndiyo hauko muzima.

Nimefika. Kaka yangu Akilimali amenipa chumba nyuma ya nyumba yake, karibu na Maman, mama yetu. Ni chumba ya mbao, mvua inaingia kwa kona moja, nimeweka sufuria pale. Maman ananiuliza kila jioni kama nimenawa miguu mbele ya kulala. Na miaka yangu hii! Asubuhi nakaanga beignets, maandazi tu, mbele ya soko, na watu wananiita mujane wa Bukavu. Sijui kama ni huruma ao ni jina wamenipa.

Nimekuachia mutoto amalize mwaka ya masomo, na mpaka nipate nyumba yenye mulango ya kufunga. Ana miaka nane tu, wifi, umuchunge. Antena ya simu huku imekufa, kwa hiyo tutaandikiana. Patrice, shofa wa Fuso, ile lori ya mawese, atapeleka barua na kurudisha.

Lakini kuna kitu moja nataka uniapie. Siku Bruno alianguka kwa chantier, pale walikuwa wanajenga, mimi nilikuwa huku kumusalimia Maman. Ulinitumia neno kwa Patrice huyu huyu: "Bruno anaumwa kidogo, kuja." Nikanunua kuku ya kumupikia supu. Nikaishika mikononi njia yote. Nafika Bagira, pale nyumbani, nakuta turubai, watu wamekaa chini, wote wananitazama, na kuku inapiga kelele. Mume wangu alikuwa amekufa tangu juzi. Wifi, usinifanyie vile tena hata siku moja. Kama ni kifo, andika kifo. Kama ni ugonjwa, andika ugonjwa. Niapie.

Wifi yako,
Maman Ornella


Bagira, tarehe 24 septemba 2023

Wifi mupendwa,

Barua yako imefika inanuka mawese, Mama mukwe wako alifikiri umetutumia mboga. Anakusalimia. Magoti yake anasema yatamuzika yeye, si yeye atayazika. Ornella iko muzima kabisa, anakula kunishinda mimi, na mimi unanijua.

Wifi, sikukudanganya kwa ubaya. Ndivyo tunafanya sisi wote. Mutu iko mbali, humupigi na kifo akiwa peke yake njiani. Unamuita polepole, akifika anakuta mikono ya kumushika. Hata Papa wetu alipokufa, mimi niliambiwa anaumwa kidogo. Lakini ile kuku, weh! Naiona mpaka leo. Basi naapa kwa kaburi ya Bruno: kama ni kifo, nitaandika kifo.

Mutoto yako amekuwa mutu wa ngazi. Unakumbuka ulivyokuwa unamuita kutoka kule chini kwa barabara ukitoka sokoni, "Ornella eeeh!", na yeye anashuka mbio hata hajakuona? Sasa kila jioni anakaa pale kwa ngazi anasikiliza. Nikamuambia Bunyakiri iko mbali, sauti haifiki. Akanijibu: "Tante, wewe haujui sauti ya Maman."

Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Tante Olive


Bunyakiri, tarehe 14 januari 2024

Wifi Olive,

Heri ya mwaka mupya. Afya zenu zinaendaje huko? Sisi ni wazima, na mara hii nasema kweli.

Akilimali ametengeneza paa, na mulango umewekwa! Una kufuli na ufunguo, nauvaa shingoni. Fundi amenifanyia kitanda ya pili, ndogo, nimeiweka upande dirisha iko, kwa sababu Ornella anaogopa giza ya ukuta. Beignets zinaenda. Kuna mwalimu hapa amesema atamupokea mutoto darasani hata katikati ya mwaka, bila matata. Na kuna asubuhi, wifi, naamuka na mukono wangu haumutafuti Bruno. Nasikia haya kuandika hivyo, lakini ni wewe tu naweza kuambia.

Pasaka nakuja kumuchukua. Mwambie Mama asikasirike. Simunyang'anyi mujukuu, namuchukua mutoto wangu.

Wifi yako,
Maman Ornella


Bagira, tarehe 11 februari 2024

Wifi,

Salamu za haraka, Patrice iko anawasha gari. Ornella anaumwa kidogo. Kuja.

Tante Olive


Bunyakiri, tarehe 13 februari 2024

Olive,

Sikusalimii.

Uliapa kwa kaburi ya kaka yako, na wino haujakauka umeniandikia maneno yale yale. Hata haukuyabadilisha. Nilimuuliza Patrice: mutoto iko hai? Akasema yeye amepewa karatasi tu kwa parking, akainama kuangalia matairi. Hata siku ya Bruno aliangalia matairi.

Nimenyoa kichwa. Majirani wameleta unga na kuni, Maman amekaa na mimi chini kwa mukeka. Kitanda ndogo nimeipa mutoto wa jirani. Sikuweza kulala nayo chumba moja.

Sitakuja. Mara ya kwanza nilifika na kuku, sasa nifike na nini? Sitapita tena mbele ya watu wenye kujua, na mimi peke yangu sijui. Mumuzike karibu na baba yake. Mumuvalishe robe, ile gauni ya njano alivaa kwa komunyo ya rafiki yake Joviale, ilikuwa inamupendeza. Na usiniandikie tena.

Gisèle, zamani Maman Ornella


Bukavu, hospitali, tarehe 17 februari 2024

Wifi! Wifi yangu!

Iko hai! Ornella iko hai! Nani amekuambia amekufa? Ole wangu, ni mimi. Mimi mujinga. Patrice alikuwa anapiga honi, nilitaka usishituke njiani, kalamu ikaenda na njia yake ya zamani. Niliandika "kidogo" na haikuwa kidogo. Lakini ilikuwa ugonjwa, wifi. Niliapa kwamba kifo nitaandika kifo, na sikuandika kifo!

Ni méningite, ile homa ya uti wa mugongo. Shingo ilikauka kama ubao, homa inamuchoma, tuko hospitali tangu tarehe kumi na moja, usiku. Anaongea. Kila gari ikisimama inje anauliza kama ni wewe. Jana ameniambia: "Maman aje kwa mulango aniite tu, nitaamuka." Barua yako nimeificha kifuani, ndani ya sutien, asiione. Mutu analiliwa na mama yake na yeye iko anakunywa uji!

Kuja leo. Kama Fuso imejaa, kaa juu ya bidons za mawese. Na kama kuna kitu chochote kinakuzuia, kamata simu ya Patrice, sema ndani yake, inashika sauti hata bila antena, atamuletea sauti yako. Anaitaka ile sauti kuliko dawa. Lakini kuja, wifi. Nimepiga magoti naandika.

Tante Olive


Bunyakiri, tarehe 19 februari 2024

Wifi Olive,

Pole na kazi ya hospitali. Mungu akulipe.

Nimesoma barua mpaka karatasi imelegea. Akilimali amenifokea, Maman amenifungia nguo kwa kitambaa. Nimepanda gari ya Patrice, wifi, nakuapia nimepanda. Tumefika mwisho wa soko, mbele yetu kamio ingine imefunikwa turubai ya blue. Turubai tu, ya kufunika mihogo. Nikatapika kwa mapaja yangu, nikafungua mulango nikashuka. Watu walinicheka. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Unasema iko hai. Na Bruno pia alikuwa hai, kwa maneno yako, na nilikuwa nawaza nimuwekee chumvi kiasi gani kwa supu. Nataka kukuamini, wifi, nataka mpaka meno inaniuma. Lakini kama nitafika na ukawa umenidanganya mara ya pili, mimi sitasimama tena hapa duniani.

Nimesema kwa simu ya Patrice. Nimemuita vile nilikuwa namuita, na nimemuambia yote. Mupe asikilize, halafu anijibu mule mule. Siku nitasikia mwenyewe ni yeye, nitapanda gari ile ile, hata ikiwa na turubai kumi. Usinihukumu. Ao nihukumu, ni haki yako, lakini mupe asikilize.

Maman Ornella, kama jina ingali yangu


Bukavu, tarehe 24 februari 2024

Maman Ornella, wifi yangu,

Jina ingali yako. Ornella iko hai, homa imeshuka, jana amekula bugari ya mihogo na ameomba samaki ya sambaza.

Uliniapisha niseme wazi, basi nasema wazi, kaa chini kwanza. Mutoto hasikii tena. Masikio yote mawili. Munganga amesema ugonjwa umeyala na hayatarudi. Yalianza kufa jumanne, jumatano yakafunga. Patrice alifika alhamisi na sauti yako.

Nilimuonyesha kwa mikono kwamba ni wewe. Akakamata simu akaiweka kwa sikio. Akaibadilisha kwa sikio ya pili. Akafunga macho, akakaa vile mpaka mwisho, na mimi nasikia unaita "Ornella eeeh" mule ndani, chumba nzima ya wagonjwa wanasikia, maman moja wa kitanda ya jirani analia. Halafu akafungua macho akaniuliza: "Tante, Maman anasema nini?"

Nilikukasirikia, wifi, sikufichi. Nilikutukana kwa korido, na nikajitukana mimi na kale kaneno kangu ka kidogo. Sasa imeisha. Nimeandika maneno yako yote kwa karatasi, herufi kubwa kubwa. Anayasoma na kidole, amefika kwa mahali unasema juu ya kitanda na dirisha, anarudia pale pale. Hiyo kitanda uende kuiomba kwa jirani.

Amekujibu ndani ya simu. Utasikia anapiga kelele sana, usifikiri ni hasira. Hajisikii mwenyewe. Lakini ni yeye, na wewe ulisema ukisikia ni yeye utapanda. Basi panda.

Kesho tunatoka hospitali, najua atarudi kukaa kwa ngazi. Ukifika Bagira, wifi, usimuite kutoka kule chini. Panda ngazi mpaka juu, usimame mbele yake, akuone.

Tante Olive