Mgeni Anapiga Vizuri

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Mama amepaka sebule rangi ya kijani kibichi. Usimwambie nimesema inaumiza macho.

Lile gitaa la umeme la baba nililifungua Jumamosi. Unakumbuka ulivyolifungia pikapu mbili, zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi? Nyaya za moja uliziunganisha kinyume. Kila pikapu peke yake ililia vizuri, ila zikiwa pamoja zilimezana sauti, gitaa likaimba puani miaka yote. Mimi na ufundi wangu, mikono ikaniwasha. Nikazigeuza nyaya, sauti ikajaa.

Unajua baba hatutambui tena kwa sura. Ila nikipiga gitaa lile alikuwa anacheka, ananiita mwanangu. Safari hii alisikiliza, kisha akamgeukia mama: "Mgeni anapiga vizuri. Mpe chai."

Nikainywa, ningefanyaje?

Baadaye nikajaribu kurudisha nyaya ulivyoziacha. Uzi wa koili, ule waya uliozungushiwa sumaku, mwembamba kuliko unywele, ukakatikia ndani kabisa. Pikapu hiyo imekufa, na ya dukani haitakuwa ile.

Leo asubuhi baba ameuliza mgeni anaondoka lini.

Ni mimi,
kaka yako.