Kwa Nini Neema Alilia

Mama yangu,

Mjukuu wako sasa hivi amemega mandazi yake akataka kumlisha yule mtoto anayelia kwenye picha kubwa hapa mlangoni pa ukumbi. Hajui kwamba ni yeye. Picha imebaki na mafuta mdomoni, nami nimekaa kiti cha nyuma nakuandikia, maana kwa simu kila nikianza nalia.

Goti lako je, limepoa? Na kifua cha Baba? Sisi wazima. Baba Neema yuko lindoni, mimi bado nasuka nywele pale saluni Bur Dubai.

Najua kile kipande cha filamu kimewafikia. Najua umeacha kwenda kikundi cha kina mama kanisani kwa sababu wanamwombea mjukuu wako eti anakufa njaa. Sasa sikia ilivyokuwa.

Mwenye filamu ni mweusi kama sisi, ndiyo maana nilimfungulia mlango. Alisema anataka dunia ione maisha yetu watu weusi huku. Nikapika chapati, nikavaa lile gauni la maua ulilonishonea. Akasema, "Vaa la kazi, sista. Na hiyo friji tuifunike shuka." Nikicheka, ananiambia, "Usicheke, tafadhali." Neema alikuwa anakula mandazi, anamchekea. Basi jamaa akainama, akampokonya! Mtoto akalia, kamera ikamkazia. Kwenye filamu sauti inasema ni njaa.

Leo kanialika hapa ukumbini anapoionyesha filamu yake, nije nimshukuru mbele ya wageni wake. Nitamshukuru, Mama! Nimevaa gauni lako. Na Saumu, yule Mzanzibari tunayeishi naye nyumba moja, siku ile alikuwa anaturekodi kwa simu yake akitucheka, na mkono wa huyo mtu unaonekana wote ukipokonya; hiyo ndiyo tutawaonyesha wageni. "Shoga, leo tunamvua nguo," ananiambia. Sitaki aniombe msamaha pembeni. Nataka aibu imshike hapa hapa, mbele ya hao wanaompigia makofi, kama ilivyokushika wewe kanisani. Kisha Neema wangu atakua, na atakayemtafuta mtandaoni ataikuta hiyo ya Saumu, amwone anacheka.

Msalimie Baba, na dada yangu, na shangazi aliyenifundisha kusuka. Ila mama mchungaji, aliyeanzisha hayo maombi, usimpe salamu, mpe...

"Mama Neema, yalla, wanakuita mbele!" Saumu huyo, ameshika simu juu. Nakwenda. Mama mchungaji umwambie hivi, mbele ya wote, kwamba mtoto alilia kwa sababu...