Sekunde Nane za Akoth

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imeacha tope hadi mlangoni, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka imefika karibu na geti la shule yetu. Nimefundisha vipindi vitatu na sikumbuki hata kimoja. Saa kumi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Tangu hapo nimekaa mbele ya kinanda changu bila kukiwasha.

Juu ya kinanda kuna kopo la karanga za kusaga na simsim. Nimepewa leo. Sijalifungua.

Wachache mnaopita kwenye blogu hii mnaujua ugonjwa wangu. Napenda rock ya zile nyimbo ndefu, za dakika ishirini bila haya, ambapo mtu mmoja amezungukwa na ogani na sintesaiza kama mama mboga katikati ya mafungu yake. Mjomba wangu alirudi na kaseti hizo kutoka Nairobi nikiwa darasa la sita. Wenzangu wakicheza mchezo wa kati huko nje, mimi nimelaza sikio kwenye spika nikitenganisha: hii filimbi, hili gita la nyuzi kumi na mbili, hii besi inayojiendea zake. Mama alidhani nina homa.

Kilichonishika kuliko vyote ni Mellotron. Sijawahi kukiona kwa macho. Ni kinanda cha zamani ambacho chini ya kila kitufe kuna utepe, na kwenye utepe amerekodiwa mtu halisi akipuliza filimbi au akipiga fidla. Ukibonyeza, yule mtu anasikika. Baada ya sekunde nane hivi utepe unaisha na sauti inakatika, hata kama kidole bado kiko pale. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinitia huruma. Nilimfikiria yule mpiga filimbi, kama alijua wanamwita kila siku na kumkatiza.

Ningekumbuka huruma hiyo mapema, nisingekuwa hapa.

Tuna kikundi cha watu wanne, tunafanyia mazoezi stoo ya kanisa. Mpiga ngoma ni Wafula, fundi wa kuchomelea mageti, niliyemfundisha darasa la saba na ambaye mpaka leo ananiita Madam. Nilitaka tuwe na Mellotron yetu wenyewe, na ndani yake isiwemo filimbi ya Mzungu, iwemo tongoli. Hicho ni chombo cha nyuzi cha Wapadhola, kipande cha mti na ngozi, kinakaa mapajani. Kwa hiyo likizo ya Agosti nilivuka mpaka, nikaenda Sop Sop kwa Mzee Othieno, mkulima ambaye upande ule harusi haikolei bila yeye.

Tulishinda naye kutwa barazani kwake, akinipigia uzi mmoja mmoja, na kinasa sauti changu kiko sakafuni. Ni mcheshi kupita kiasi. Aliniuliza kama hiyo mashine inakula kwon, maana mgeni asiyekula ugali wake hamwamini. Nikamwambia inakula betri. Akasema basi ni ya kuogopwa.

Tulipomaliza, alikaza nyuzi mbili, akanitazama. "Hii ya mwisho si ya kushikwa na mashine, Madam. Hii ni ya Akoth."

Akoth alikuwa mke wake. Amefariki miaka mitatu sasa. Enzi zao, Othieno akirudi kutoka shambani alikuwa akimwita jina kutokea njiani, naye akiitikia kutoka jikoni. Siku hizi akirudi ananawa mikono, anachukua tongoli, nyuzi zinaliita lile jina badala yake. Ndipo anakula.

Niliitikia kwa kichwa. Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka.

Akapiga. Sina maneno ya kuieleza sauti ile. Ilikuwa ndiyo ile niliyokuwa nikiitafuta kwenye spika ya mjomba miaka yote.

Nyumbani nilikata kipande, nikakiweka kwenye kitufe kimoja cha kinanda. Nilikikata sekunde nane kamili, ili kifanane na Mellotron halisi. Nilijiona fundi. Mwezi uliopita tukaupiga wimbo wetu siku ya vijana hapa Busia, na dakika ya kumi na moja, vyombo vyote viliponyamaza nami nikabonyeza kile kitufe, ukumbi mzima ulitulia. Hata watoto. Mtu akanasa kwa simu. Wiki mbili baadaye nilisikia simu ya mwendesha boda ikilia pale mpakani, na mlio wake ni tongoli ya Othieno.

Nilifurahi. Naiandika hivyo hivyo, nilifurahi.

Leo saa nne, mapumziko, mlinzi akaja kuniambia nina mgeni. Othieno alikuwa amesimama getini na shati lake la kanisani, viatu vimejaa tope, kopo mkononi. Alinisalimia vizuri. Aliulizia watoto, akaulizia mama, akaulizia mvua ya huku.

Halafu akasema, "Madam, mimi nasikia Akoth kwa simu ya watu."

Hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba juzi alikuwa amekaa barazani anapiga kama kawaida, jirani akapita njiani akamwambia, "Othieno, leo unapiga ile ya simu." Alijaribu kucheka alipofika hapo, kicheko hakikutoka. "Tangu hiyo siku sijapiga," akasema. "Na hiyo yenu hata jina haimalizi. Inaita, inakatika katikati."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na nafasi pale, wazi kabisa, hakuna aliyenishika koo.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Nilisahau kuzima mashine. Nikaja kuichanganya na zile nyingine."

Uongo mtupu. Sikusahau, wala sikuchanganya. Ile rekodi niliipa jina lake kabisa: Akoth.

Na yeye akaniamini. Hilo ndilo linalonila. Mabega yake yalishuka, uso ukamfunguka kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka hospitali. "Basi kama ni kusahau, imeisha," akasema. "Mimi nilifikiri labda uliniona mjinga wa kijijini." Akanikabidhi kopo kwa mikono miwili. "Unakonda, Madam. Kula."

Amevuka mpaka na tope lile lote kuja kujua kama nilimdharau, na amerudi na jibu la uongo.

Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nililolifanya bado liko palepale, na sasa lina mwenzake.

Jumamosi kikundi chetu kimealikwa kupiga Tororo, na kutoka pale hadi kwa Othieno si mbali. Tangu nirudi nyumbani akili yangu imekuwa wakili wangu. Imeniambia wimbo umeshasambaa, nikiufuta kwangu utabaki kwa mabodaboda. Imeniambia nahifadhi utamaduni. Jamani, utamaduni. Mtu kanyang'anywa jioni zake, mimi nahifadhi utamaduni.

Nimempigia Wafula. Nikamwambia kile kipande hakitapigwa Jumamosi wala siku nyingine. Kwanza alidhani natania. Halafu akasema, "Lakini Madam, hiyo ndiyo wimbo wenyewe. Hizo zingine zote tunapiga tu tufike hapo." Yuko sahihi. Ogani yangu, sintesaiza yangu, ngoma zake zenye mahesabu magumu ambazo amezitolea jasho mwaka mzima, zote zilikuwa barabara ya kufikia sekunde nane za mtu mwingine. Akaniuliza dakika ya kumi na moja tutaweka nini. Nikasema tutanyamaza, au nitapiga ogani. Akakata simu bila kuaga, na Wafula si mtu wa kukata simu.

Sasa hivi nimeacha kuandika kidogo, nikawasha kinanda, nikaiondoa ile sauti. Kwenye kompyuta pia, na kwenye kinasa sauti. Nimebonyeza kitufe kuhakikisha. Kimya. Nilidhani nitajisikia nafuu.

Kufuta ni rahisi, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Kazi iko Sop Sop. Kesho Ijumaa nina vipindi hadi saa sita tu. Nitavuka. Sitabeba kinasa sauti, na simu nitaiacha nyumbani. Nataka nifike kabla hajatoka shambani, nimwambie kwamba sikusahau, kwamba niliiona taa ikiwaka muda wote aliokuwa anapiga. Huenda akanifukuza. Huenda asipige tena maisha yake yote, na mimi niwe ndiye niliyemnyamazisha Akoth. Kopo nitalirudisha kama lilivyo. Akitaka nile, atanipa tena, akijua anampa nani.

Nimesoma nilichoandika tangu juu. Nimeandika kwamba taa ilikuwa inawaka, kana kwamba ilijiwasha, na mimi nilikuwa nimekaa tu pembeni. Hata hapa, mahali ambapo hakuna anayenilazimisha, nimejipendelea.

Haikuwa hivyo tu. Othieno alipoanza kupiga, alifumba macho. Kinasa sauti kilikuwa mbali kidogo, na niliogopa hakitamshika vizuri. Viatu nilikuwa nimevivua mlangoni. Nikanyoosha mguu, nikakisogeza karibu naye kwa kidole gumba, polepole, ili asisikie.

Hilo nalo nitamwambia.