Aliyepata Amzabe Aliyekosa

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya hicho chumba cha nyama huko ughaibuni? Mimi nipo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Binti yako ndiye si mzima.

Mwalimu mpya wa Kiingereza ana mtindo wake. Hashiki fimbo. Anasimamisha watoto wawili wawili, anaonyesha picha ya mtu, mmoja aseme ni "hi" wa mwanamume au "shi" wa mwanamke. Akikosea, mwenzake anajibu, na aliyepata anamzaba kofi aliyekosa. Ukizaba kwa huruma, unazabwa wewe. Binti yako anachanganya kila mara. Na atakosaje kuchanganya? Sisi baba ni "yeye", mama ni "yeye", na hakuna aliyewahi kupotea. Juzi binti wa fundi viatu, shoga yake wa kucheza naye, alimzaba mpaka sikio likatoa damu. Asubuhi analia asiende. Nataka kumhamisha.

Mama yako

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Pole kwa magoti.

Nimeumia, lakini usimhamishe. Sikukwambia jino langu la mbele lilivyotoka. Hapa machinjioni nilimwita mwanamume mwenzangu "shi" mbele ya watu. Ulimi uliteleza tu, wakamcheka. Tulipokuwa tunanawa alinifuata akanitwanga ngumi, nikaangukia kulabu ya nyama. Ndiyo maana kwenye picha niliyokutumia nimefunga mdomo. Nikipata kibali nitamleta mwanangu huku, na sitaki aje kuishi kwa kufunga mdomo. Kofi la shule litapoa. Jioni kaa naye, mfanye mazoezi kwa picha za kalenda.

Mwanao

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jicho lilivimba.

Tulifanya kama ulivyosema. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, tunakaa na kalenda. Sasa hakosei. Darasani anazaba mmoja baada ya mwingine, na mwalimu anamsifu kwamba ana mkono mzuri. Nyumbani mwenzake ni mimi, na unanijua, Kiingereza hakiniingii. Mwanzoni alikuwa ananigusa shavu tu, tunacheka. Mwezi uliopita nilikosea picha ya daktari. Akanivua miwani, akaiweka mezani taratibu, akanizaba kwa kiganja chote. Niliona nyota. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniambia, "Bibi, nikikuonea huruma nitazabwa mimi." Na chumbani tulikuwa wawili tu.

Mwanangu, mtoto ana miaka tisa na ninamwogopa.

Mama yako

Tarehe 11 Juni

Shikamoo Mama,

Pole sana kwa jicho. Nimesoma barua yako kazini, nimeweka kisu chini nakuandikia hapa hapa. Mtoe shule leo hii. Hicho Kiingereza sikitaki tena.

Mwanao

Tarehe 1 Julai

Mwanangu,

Jicho limepona, usiwe na wasiwasi nalo.

Nilikwenda kumtoa. Alikumbatia nguzo ya lango, nilipomvuta akaniuma mkono, watu wakajaa. Nikamwachia. Jioni nilimuuliza, si wewe uliyekuwa unalia usiende? Akaniambia hawezi kuondoka sasa. Darasa zima ameshalizaba, amebaki binti wa fundi viatu, ambaye hajakosea tangu siku ile ya damu.

Anasema siku moja mwenzake huyo atakosea. Sikio la binti yako lililotoka damu bado halisikii, lakini asubuhi simwamshi tena. Namkuta amekwisha kunawa mikono na kuvaa, ananisubiri nimfungulie mlango.

Mama yako