Hema la Sajini Kiema

Mbololo,
Jumapili jioni

Kaka Donald,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba joto limekuonea huruma kidogo. Sisi hatujambo. Nyanya anakula vizuri ila goti bado linamsumbua, na mahindi yamechanua. Ninaandika kwa kalamu kwa sababu simu ni ya shangazi, na yeye husoma kila kitu.

Likizo hii Padre Phineas ameniita nimsaidie katika ofisi ya kanisa la kambi ya jeshi hapa Voi, kwenye meza ile ile aliyofanyia kazi baba. Kazi ni kuagiza vitu vya ibada kutoka stoo ya jeshi: divai, mishumaa, vitabu vya nyimbo, viti. Padre hutia sahihi, mimi ninagonga muhuri wa tarehe, kisha ombi linakwenda stoo. Hema halitoki bila taarifa ya siku saba.

Hukuwepo tulipomzika baba, kwa hivyo kuna jambo hulijui. Padre alituombea hema la ibada ya mazishi. Sajini Kiema wa stoo alinirudishia ombi mkononi, askari wengine wakisikia, akasema, "Marehemu angetoa taarifa siku saba." Wakacheka. Mvua ya Mbololo unaijua. Nyanya alilishikilia jeneza ibada nzima, na rangi yake iliyolowa ikambakia viganjani. Mimi nililikunja ombi nikaondoka. Unanijua.

Mwezi huu Kiema alikuja ofisini akitabasamu. Ndoa yake na Mukonyo ingebarikiwa uwanjani pa kanisa, na hema la ibada hutolewa kwa ombi la Padre peke yake. Akaniita kasichana ka vitabu, akaniambia nisimwangushe. Nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Wiki ya harusi, ombi lilikataliwa. Kuna meja mpya stoo anayekagua kila tarehe na habembelezeki. Kiema alinijia mbio. Alisema mahema ya kukodi Voi yote yamechukuliwa, wageni wameshatoka Kitui, na mama yake ni mzee. Aliniuliza kama siwezi kugonga muhuri mwingine wa tarehe ya nyuma. Nilimtazama usoni, kaka, nikamwambia: "Bwana harusi angetoa taarifa siku saba."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jana jua la Voi liliwaka bila huruma. Wageni walijifunika leso vichwani, keki ikainama upande. Nilimpelekea mama yake Kiema maji, kwa kuwa mikono yake inafanana na ya nyanya. Kiema naye akanyoosha mkono. Niliyamwaga yaliyobaki mchangani, polepole, akiniangalia.

Sasa nikuambie ambalo hakuna anayelijua. Kiema alileta ombi lake mapema, na Padre akalitia sahihi siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyelificha chini ya vitabu vya nyimbo mpaka muda ukapita, ndipo nikaligonga muhuri. Padre anadhani ni yeye aliyelisahau, na leo amemwomba Kiema msamaha mbele ya kanisa zima. Hilo tu ndilo linaloniuma. Kwa Kiema, nimejaribu kupiga magoti nijute, lakini kila nikifumba macho naona viganja vya nyanya, na ninainuka nikiwa radhi kulificha ombi lile tena.

Nyanya anakusalimu sana na anauliza utarudi lini. Wasalimie wenzako unaoishi nao. Shangazi akikuuliza nimeandika nini, mwambie ni habari za mahindi.

Ni mimi dadako akupendaye,
Wakio