Mchezo Uliosimamishwa Magharibi

Ohio, 30 Agosti 1975

Mama mpenzi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na jino limetulia? Mimi mzima, ila nimechoka na viazi.

Chuo kikuu chetu ni kidogo, mama. Wanafunzi hatufiki mia sita, hata mpishi anatujua kwa majina. Kina timu ya mpira, nami wamenichukua. Si mpira wetu lakini. Huu una umbo la papai, na wanaukimbiza wameukumbatia. Mimi nakaa pembeni, kisha naitwa niupige teke moja upite baina ya milingoti miwili, basi, narudi kukaa. Mwalimu wa timu, Bwana Keller, anasomesha pia hesabu, na fulana zetu zikichanika mkewe ndiye anayezishona. Nawapenda sana watu hawa.

Mwanao,
Azzan

Ibra, 13 Septemba 1975

Mwanangu Azzan,

Marahaba. Jino nimeling'oa, alhamdulillahi. Shangazi yako Kaltham anakusalimu, na anauliza chuo gani hicho chenye timu ya mpira. Kwake yeye chuo ni cha Kurani tu. Hata mimi sijamwelewa mtu anayevishwa na kukalishwa ili apige teke moja.

Lakini sikufurahi. Ramadhani imeingia wiki nzima sasa, na wewe juu ya saumu hukuandika hata neno. Marehemu baba yako alikuwa na wazimu wa mpira kule Unguja, lakini Ramadhani ikiingia viatu alivitundika msumarini mpaka Idi. Na wewe tundika. Nikisikia umekula mchana kwa ajili ya mpira, barua zako sitazifungua.

Mamako

Ohio, 28 Septemba 1975

Mama,

Shikamoo. Kama umeifungua hii, nashukuru. Sikula.

Barua yako ilifika Ijumaa, na mechi ilikuwa jana, Jumamosi. Nikaenda kwa Bwana Keller kumrudishia fulana na kumweleza sababu. Nilikuwa nafunga tangu Ramadhani mosi bila ya kumwambia mtu, kwa kuona haya. Hakuipokea. Aliniuliza jua linazama saa ngapi, nikamwambia saa moja na dakika saba. Akasema nimpe kitu cha kufuturia akiweke yeye.

Tulianza saa kumi na nusu. Mwisho zikabaki sekunde chache, wametupita kwa pointi mbili, na teke likipita ni pointi tatu, nami nikaitwa nikapige. Nimeshasimama tayari, Bwana Keller akasimamisha mchezo. Alikuwa amebakiwa na ruhusa moja tu ya kusimamisha, na aliiweka makusudi. Akaja mwenyewe na tende za kule Bidiya ulizonifungia na gilasi ya maji, akatazama saa yake, akaniambia, "Kula kwanza." Uwanja mzima ukangoja.

Nikapiga. Mpira ukagonga mlingoti ukarudi. Tumefungwa, mama, na nililia. Hakuna aliyenilaumu, wenzangu walikuja kukaa nami, wakazimaliza tende zilizobaki.

Fulana nimemwachia Bwana Keller. Nangoja neno lako.

Mwanao,
Azzan

Ibra, 17 Oktoba 1975

Mwanangu,

Marahaba, na natumai Idi yako ilikuwa njema. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya shangazi yako.

Nimekaa nikamfikiria baba yako. Alitundika viatu kwa sababu hapakuwa na wa kumsimamishia mchezo.

Nimetuma mikebe miwili ya tende. Mdogo ni wako. Mkubwa ni wa Bwana Keller, na umwonyeshe kwamba kokwa haimezwi. Ukishampa, chukua fulana yako.

Mamako